Kisu Baadaye: Mwongozo kwa Anayetaka Kuwa Daktari wa Upasuaji wa Saratani

Vijana wanaokuja kuniuliza kuhusu kazi hii huanza karibu wote na mikono. Wanataka kujua kama mkono unaotetemeka kidogo unamzuia mtu, na kama kweli tunasimama kutwa nzima bila kula. Mikono inafundishika, na miguu huzoea. Ninachotaka ukipate mapema, mdogo wangu, ni kwamba daktari wa upasuaji wa saratani hupimwa kwa yale anayoyafanya kabla hajaosha mikono: alivyoupapasa uvimbe, alivyochukua kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe cha kupimwa maabara, aliowashirikisha, na kama alithubutu kusema, "Huyu tusimkate kwanza."

Sababu ni moja. Saratani inayoweza kuponywa kwa kisu huponywa zaidi na operesheni ya kwanza. Uvimbe ukishatolewa nusu, kwa haraka, na mtu aliyedhani ni jipu au mafuta, tabaka za mwili hugandana kwa kovu na seli humwagika zilikokuwa hazijafika. Atakayekuja baada yake anakutana na ugonjwa mwingine. Ndiyo maana nitakaa sana kwenye maandalizi, na nitapita haraka kwenye mambo ambayo kila mtu atakuambia.

Njia ya shule

Njia yenyewe haina siri. Hapa Tanzania unachukua Fizikia, Kemia na Baiolojia kidato cha tano na sita, unasoma MD, shahada ya udaktari, miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa utarajali kabla ya usajili kamili wa Baraza la Madaktari Tanganyika. Kenya shahada ni miaka sita, Uganda mitano. Vyuo vipo: Muhimbili, ambako mafunzo ya udaktari Dar es Salaam yalianza mwaka 1963, Bugando hapa Mwanza, KCMC Moshi, Dodoma na vingine. Usikose usingizi kwa kuchagua jina la chuo. Tafuta hospitali yenye wagonjwa wengi na walimu wanaoonekana wodini.

Ubingwa wa upasuaji wa jumla una milango miwili. Mmoja ni MMed, shahada ya uzamili ya chuo kikuu. Wa pili ni COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kilichoanzishwa mwaka 1999 na chenye makao yake Arusha. Huko unafundishwa ukiwa kazini katika hospitali iliyokubaliwa, unafanya mtihani wa MCS, wa uanachama, baada ya miaka miwili ya mwanzo, na wa FCS, wa ubingwa, ikitimia miaka mitano. Kwa mtu mwenye familia na aliye mbali na Dar es Salaam, mlango huu wa pili unafaa sana, maana huachi kituo chako na mtihani ni uleule kwa nchi zote wanachama.

Wapo wanaotaka kuruka upasuaji wa jumla waingie saratani moja kwa moja. Usifanye hivyo. Usiku wa utumbo uliojisokota, wa kidonda cha tumbo kilichotoboka, wa ajali ya bodaboda, ndio unaokufundisha tumbo linakuwaje likijaa damu na usaha. Siku utakapoondoa uvimbe ulioshikamana na mshipa mkubwa, mkono wako utatulia kwa sababu ya usiku ule.

Ubobezi wa saratani huja mwisho, na wengi wa rika langu tuliufuata nje. Mimi nilikwenda Mumbai, Hospitali ya Tata Memorial, iliyofunguliwa mwaka 1941. Wengine walikwenda Cairo au Afrika Kusini. Ukiwa unachagua, uliza mambo matatu: Je, utaruhusiwa kukata kwa mkono wako au utasimama nyuma ya watu ukitazama? Je, kuna kikao cha wataalamu wote kila wiki? Je, majibu ya patholojia, maabara inayochunguza nyama kwa hadubini, yanatoka kwa wakati? Hospitali yenye roboti lakini haikuruhusu kushika kisu itakurudisha nyumbani na picha tu kwenye simu.

Kinyama kwanza

Unaanza kuwa daktari wa saratani mwaka wa utarajali, hata kama bado hujajua. Wewe ndiye wa kwanza kuushika uvimbe.

Anza na macho na vidole. Mgonjwa avue vya kutosha, taa iwe nzuri, nesi awepo. Pima kwa rula na uandike sentimita, usiandike "kama limau." Papasa tezi zinazopokea maji ya eneo hilo: kwapani na juu ya mtulinga kwa titi, kinenani kwa mguu, shingo nzima kwa kinywa na koo. Usisahau nyayo. Kwetu sisi weusi melanoma, saratani ya seli za rangi ya ngozi, hupenda kuota kwenye unyayo, na nimeona watu waliotibiwa muda mrefu kama wana kidonda cha mwiba.

Kisha kinyama. Kwa titi tumia sindano nene ya geji 14, chini ya ganzi, uchukue vipande kadhaa. Usilifungue titi kwa kisu ili kujua tu ni nini. Sindano inatosha kwa karibu wagonjwa wote, na inaacha ngozi na tabaka zikiwa nzima kwa ajili ya siku yenyewe.

Kuna mahali ambapo mkato wa kutafuta jibu ukikosewa unamgharimu mgonjwa kiungo. Uvimbe wa paja unaoshukiwa kuwa sarkoma, saratani ya misuli, mafuta au mifupa: njia ya sindano au mkato ifuate urefu wa mguu, isikingame hata kidogo, kwa sababu njia yote hiyo itaondolewa pamoja na uvimbe baadaye. Korodani iliyokuwa ngumu bila kuuma: operesheni hupitia kinenani, haipitii kwenye pumbu. Tezi zinazopokea maji ya korodani ziko ndani ya tumbo na zile za ngozi ya pumbu ziko kinenani, kwa hiyo ukikata pumbu umeufungulia ugonjwa njia mpya. Tezi ya shingo kwa mtu mzima: kabla hujaigusa tazama kinywa, chini ya ulimi, tonsili na nyuma ya pua, halafu tumia sindano nyembamba. Uvimbe mbele ya sikio: neva ya uso inapita ndani ya tezi hiyo ya mate, usithubutu kuufungua ukate kipande. Na mtoto ambaye taya limevimba kwa wiki chache tu huku meno yakilegea, mpeleke maabara kabla ya kufikiria theata, chumba cha upasuaji. Nitamrudia huyu mtoto.

Kinyama kikishatoka, kichunge. Formalini, dawa ya kuhifadhia nyama, ya asilimia 10, ujazo wake mara kumi ya kinyama, kiingie ndani ya saa moja. Chombo kiwe na mdomo mpana, maana nyama ikishakakamaa haitoki kwenye mdomo mwembamba bila kukatwakatwa. Maji ya chumvi hayahifadhi. Andika saa kilipotoka mwilini na saa kilipoingia kwenye dawa. Kama ni sehemu ya titi, ifunge nyuzi za alama kabla haijaondoka mezani: uzi mfupi juu, uzi mrefu pembeni, ili atakayeikagua ajue ukingo upi ni upi. Titi zima likitumbukizwa kwenye ndoo lilivyo, katikati yake huoza dawa ikiwa haijafika, kwa hiyo mwombe mtaalamu wa patholojia akufundishe kulichanja vipande vya sentimita moja bila kuvuruga kingo.

Nasisitiza haya kwa sababu najua kinachofuata. Kwenye kinyama hicho maabara itapima vipokezi vya homoni, na jibu lake ndilo linaloamua kama mama huyu atapewa tamoksifeni, kidonge cha bei nafuu kuliko karibu dawa zote tulizonazo, cha kumezwa nyumbani kwa miaka mitano au zaidi. Nyama iliyokaa juani kwenye basi, au iliyowekwa kwenye dawa ikiwa imeshaharibika, inaweza kutoa jibu la "hasi" la uongo. Mama atanyimwa kidonge kilichokuwa chake, na hakuna atakayejua.

Fomu nayo ijaze kama barua kwa mtu unayemheshimu. Umri, upande, eneo, ukubwa, tezi, dawa alizokwisha kupewa, na swali lako. Halafu nenda maabara kwa miguu yako, ukae kwenye hadubini ya pili uone mwenyewe. Hakuna darasa lililonifundisha saratani kuliko kiti kile.

Mkono unachojifunza

Funga vifundo kwenye mguu wa meza mpaka mkono wa kushoto uwe sawa na wa kulia. Nunua daftari gumu, uchore kila operesheni jioni ileile: mishipa ilikaaje, ulipita tabaka gani, ugumu ulikuwa wapi. Ripoti ya patholojia ikirudi, fungua mchoro ule uandike pembeni yake. Kingo zilikuwa safi? Tezi ngapi zilipatikana? Kwa utumbo mpana zisipungue 12, la sivyo hatua ya ugonjwa haiwezi kusemwa kwa uhakika. Ukifanya hivi kwa miaka, daftari litakuambia wewe ni daktari wa namna gani kuliko cheti chochote ukutani.

Jifunze pia historia ya mkato, kwa sababu mikato mingi tuliyorithi ilikuwa mikubwa kuliko ugonjwa. Mwishoni mwa karne ya 19 William Halsted wa Johns Hopkins, Baltimore, alikuwa akiondoa titi, misuli ya kifua iliyo chini yake na tezi zote za kwapani kwa pamoja. Aliamini saratani hutoka kati ikienda nje kwa hatua, na kwamba mkato mkubwa utaitangulia. Njia yake ilitawala zaidi ya nusu karne, na wanawake wakaishi na vifua vilivyobonyea hadi mbavu kuonekana. Bernard Fisher wa Pittsburgh akawagawa wanawake kwa kura katika utafiti ulioanza mwaka 1971. Walioachiwa misuli waliishi sawa na wale walioondolewa kila kitu. Kisha yeye, na Umberto Veronesi huko Milan, wakaonyesha kwamba uvimbe mdogo unaweza kuondolewa na sehemu tu ya titi, mionzi ikafuata, na maisha yasipungue. Mwaka 2002 wote wawili walichapisha matokeo ya miaka 20, na jibu halikubadilika.

Sasa hapa kwetu. Ukimwahidi mama kwamba utaliokoa titi lake, hakikisha mionzi ataipata. Kama mashine iko mbali, nauli hana, na hana ndugu wa kumlaza wiki zote hizo, kuondoa titi lote kunaweza kuwa ndiyo tiba salama kwake. Uliza habari ya nauli kabla hujachora mkato. Mwanzoni rezidenti wangu, madaktari wanaosomea ubingwa, hushangaa nikiwauliza mgonjwa ametoka kijiji gani na amepanda nini kufika hapa. Baadaye wanaelewa kwamba swali hilo ni la upasuaji.

Kwapani kuna neva tatu ambazo ninakutaka uzitafute kwa jina na kuzionyesha kwa msaidizi wako kabla ya kuendelea. Moja inashuka kwenye ukuta wa kifua. Ikikatwa, bega huchomoza nyuma na mkono haunyanyuki vizuri juu ya kichwa. Ya pili inalisha msuli mpana wa mgongo. Ya tatu ni ya hisia za ndani ya mkono, na ikikatwa mama hulalamika ganzi kwa miaka. Mgonjwa wangu wa kawaida analima, anatwanga, anabeba ndoo kichwani, anaanika dagaa. Mkono ukivimba baada ya tezi zote kuondolewa, jembe linamshinda, na nyumba nzima inaona njaa. Kwa hiyo usilisafishe kwapa kuliko ugonjwa unavyodai. Kama tezi hazipapasiki, ile ya kwanza kupokea maji ya titi inaweza kutafutwa kwa rangi ya bluu, mbinu ambayo Armando Giuliano aliieleza kwa titi mwaka 1994, na ikiwa safi nyingine unaziacha.

Kwenye rektamu, sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, somo lilitoka Basingstoke, Uingereza, ambako Bill Heald mwaka 1982 alieleza umuhimu wa kuondoa rektamu pamoja na mfuko wake wa mafuta ukiwa mzima, kwa kufuata utando unaouzunguka, kwa macho na mkasi, badala ya kuung'oa kwa mkono gizani. Ugonjwa kurudi mahali palepale ulipungua sana kwa wanaoifuata njia hiyo. Ukiwa msaidizi, kazi yako ni kuvuta vizuri ili utando uonekane. Usione ni kazi ndogo. Kuvuta vizuri ni nusu ya operesheni.

Kumwacha bila kumkata

Huyu ndiye mtoto niliyesema nitamrudia. Mwaka 1957 Mulago, Kampala, Dkt. Hugh Trowell alimwita daktari wa upasuaji Denis Burkitt amtazame mtoto aliyevimba taya pande zote, juu na chini. Baada ya muda mfupi Burkitt akamwona mwingine Jinja. Angeweza kuwaandika kama saratani za taya, awakate, aendelee na orodha yake. Alikusanya picha na majalada, mwaka 1958 akachapisha aliyoyaona, na mwaka 1961 akaondoka na madaktari wenzake wawili kwa gari kuukuu, safari ya kama maili 10,000 kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, wakisimama hospitali moja baada ya nyingine kuuliza kama watoto wa namna ile wanaonekana. Ramani yake ilionyesha kwamba ugonjwa unafuata joto na mvua. Mwaka 1964 Anthony Epstein na wenzake London walikuta kirusi kwenye seli za uvimbe uliotoka Uganda. Kisu hakikuwafaa watoto wale. Dawa ndizo zilizoyeyusha uvimbe wa taya, kwa baadhi yao baada ya dozi chache. Huyu alikuwa daktari wa upasuaji, mtu wa kisu, na kitu kikubwa alichokifanya maishani mwake alikifanya kwa kuuliza.

Tata Memorial nayo ilinipa somo jirani na hilo. Mwaka 2015 Rajendra Badwe na wenzake walichapisha utafiti wa wanawake 350 ambao saratani ya titi ilikuwa imeshasambaa mwilini. Waliotolewa titi na kutibiwa kwapa hawakuishi muda mrefu kuliko walioachwa bila kukatwa. Ndugu watakusihi, "Dokta, toa tu huo uvimbe," na wewe mwenyewe utatamani kufanya kitu kinachoonekana. Kumbuka wanawake wale. Kidonda kinachotoa damu au harufu ni habari nyingine. Hapo naweza kukata ili mama akae na watu, ahudhurie ibada, ale na wajukuu, na ninamwambia wazi kwamba hilo ndilo lengo.

Saratani ya umio ni hivyohivyo. Mashariki mwa Afrika ni ugonjwa mkubwa, na wengi hufika wakiwa wanameza maji tu. Hospitali ya Tenwek huko Bomet, Kenya, inajulikana kwa kuwawekea wagonjwa wa namna hii stenti, bomba dogo linalofungua njia ya chakula. Mtu aliyekuwa anatema mate yake mwenyewe anakunywa uji siku ileile. Jifunze kuiweka. Jifunze na mofini ya kunywa: dozi, saa, na dawa ya kulainisha choo inayokwenda nayo. Daktari wa upasuaji asiyejua kutuliza maumivu amejifunza nusu ya kazi.

Kikao

Usiamue peke yako. Mtaalamu wa mionzi, wa dawa za saratani, wa patholojia, wa picha, nesi wa saratani, wote wakae chumba kimoja mara moja kwa wiki na picha za mgonjwa zikiwa ukutani. Kama hospitali yako haina kikao, kianzishe na watu watatu na kompyuta moja. Pale ambapo hamna mtaalamu fulani, mtafute kwa simu kwa siku maalumu. Mtoto mwenye uvimbe wa figo, mama mwenye uvimbe wa titi ulioshika ngozi, mzee mwenye saratani ya rektamu: wote hawa mara nyingi huanza na dawa au mionzi, kisu kikafuata. Asiyekuwa na kikao huwakata kwanza.

Kusema

Hapa ndipo vijana wenye akili nyingi hushindwa. Bibi anaingia na shemeji yake, mwanawe wa kwanza na binti anayemlea. Amkia kwanza: shikamoo bibi, shikamoo baba mkubwa. Kaa chini, uwe usawa wa macho yake. Muulize bibi mwenyewe, "Ungependa nani awepo tunapozungumza?" Wengi watasema wote wabaki. Wachache watawatoa wanaume nje, na utashangaa kwamba hakuna aliyewahi kumuuliza.

Kisha muulize anajua nini kuhusu ugonjwa wake. Sikiliza hadi mwisho. Tamka neno saratani mara moja, waziwazi, halafu nyamaza. Usilifiche ndani ya "uvimbe mbaya kidogo." Ukimya huo ni mrefu, na ni wake, usiujaze na maneno yako. Yale utakayoyasema baada ya hapo hatayashika, kwa hiyo mpange arudi, na umwandikie kwa Kiswahili kwenye karatasi: ugonjwa gani, tutafanya nini kwanza, arudi lini.

Mara nyingi mwana atakufuata koridoni aombe, "Usimwambie mama." Usibishane naye, anaomba kwa mapenzi. Mimi huwajibu hivi: sitamlazimisha kusikia asichotaka, ila akiniuliza sitamdanganya. Karibu wote hukubali. Na karibu akina mama wote huwa wameshajua.

Utakutana pia na imani kwamba saratani ikiguswa na chuma inasambaa. Usiicheke. Watu wameona kwa macho yao jirani aliyekatwa akafa baada ya miezi. Eleza kwamba jirani yule huenda alifika ugonjwa ukiwa umeshatembea, na ndiyo maana sisi tunapima kwanza kabla ya kukata. Kama kuna mama aliyepona na amekubali kusaidia, mkutanishe naye kwenye benchi la kliniki kisha uondoke. Watasemezana wenyewe, na mmoja atamwonyesha mwenzake kovu. Hilo linashinda hotuba yako. Kuhusu mganga wa kienyeji, uliza bila kufoka: amekupa nini, unakunywa au unapaka? Mgonjwa akikuficha dawa hizo, daktari wa usingizi ndiye atakayehangaika mezani.

Toka nje ya hospitali

Kanda ya Ziwa tunao ndugu wengi wenye ualbino, na saratani ya ngozi inawaanza mapema, usoni, masikioni, shingoni. Kidonda kidogo kinaondolewa kwa ganzi ya kawaida, ukiacha ukingo wa milimita 4 hadi 6 za ngozi nzima, na mtu anarudi nyumbani mchana huohuo. Kikiachwa kinakula fuvu. Nenda shuleni, kague ngozi, gawa kofia zenye ukingo mpana. Kuna losheni ya kuzuia jua iitwayo Kilisun, iliyoanza kutengenezwa KCMC kwa ajili yao. Jua namna ya kuipata. Na kila binti unayekutana naye, uliza kama amechanjwa chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, iliyoanza kutolewa nchi nzima mwaka 2018, maana saratani hiyo ndiyo inayojaza wodi zetu za wanawake.

Nyumbani kwako

Mwambie mchumba kabla ya posa kwamba kuna jioni ambazo hutarudi. Mimi nilinyonyesha nikiwa rezidenti, na niliweza kwa sababu mama yangu alivuka kutoka Ukerewe akaja kukaa nami. Wasichana wanaoniuliza kama ndoa na kisu vinawezekana nawajibu kwamba vinawezekana pakiwa na watu, na kwamba watu hao waombwe mapema, kwa majina, wasisubiriwe wajitokeze. Usikubali zamu ya usiku kabla ya siku ya operesheni ndefu. Kunywa uji asubuhi. Vaa viatu vinavyoshika kisigino. Mgongo ukianza kuuma, pandisha meza, wala usiuone ni udhaifu.

Mgonjwa wako akifariki, piga simu nyumbani kwake wiki ileile. Sema pole, sikiliza, jibu watakachouliza. Ndugu hukumbuka simu hiyo, na wewe unapata kuambiwa siku zake za mwisho zilikuwaje, jambo ambalo jalada haliandiki. Kisha peleka kisa chake kwenye kikao cha vifo cha idara, hata kama hakuna aliyekosea.

Daftari la simu

Aliyepona hana budi kuonekana. Kwa titi, ninamwona kila miezi mitatu hadi sita kwa miaka mitatu ya mwanzo, kisha kila miezi sita hadi mwaka mpaka wa tano, kisha mara moja kwa mwaka. Ila miadi iliyoandikwa kwenye kadi hufa msimu wa kulima. Chukua namba mbili za simu, moja ya mgonjwa na moja ya mtu asiyehama: mwenye duka, mwalimu, mwenyekiti wa kitongoji. Mwombe mgonjwa ruhusa ya kumpigia mtu huyo, na usimtajie ugonjwa.

Anza daftari hilo ukiwa mtarajali, usingoje ubingwa. Safu sita zinatosha: jina, namba mbili za simu, uvimbe uko wapi, tarehe ya kinyama, tarehe jibu lilipofika, miadi ijayo. Lipitie na nesi kila Ijumaa kabla ya kufunga kliniki. Safu ya jibu ikiwa tupu kwa wiki mbili, shuka maabara ukaulize. Jibu likiwa limefika na mgonjwa hajaja, piga simu hapohapo, na akipokea, jitambulishe kwa jina lako na umuulize anaweza kupanda gari siku gani.